Uwanja wa Ghala la Hajji Zubairi

Nimerudisha funguo za stoo, nimegawa makoti yangu mawili ya mvua, na sururu yangu nimemwachia yule kati yenu anayeinoa bila kuambiwa. Anajijua. Sasa, vijana wangu wa kazi, mmeniomba niandike nilivyofanya kazi ya lami. Nitaandika, ila msitafute humu habari za vyeo. Vyeo vilikuja kwa sababu waliokuwa mbele yangu walichoka kabla yangu.

Nilizaliwa Budondo, karibu na Jinja, na shule niliiacha darasa la tano. Si kwamba nilikuwa mjinga. Kilichonisumbua ni dirisha: mwalimu aliongea ndani, na huko nje malori yalipita. Siku moja nikatoka nikajue yanakwenda wapi. Yalikwenda Malaba, mpakani, nami nikaenda nayo. Nikawa taniboi, yaani utingo wa lori, nikafyatua matofali, nikatengeneza baiskeli, nikachunga ng'ombe wa mtu ambaye hadi leo sijui kwa nini aliniamini. Kiswahili changu nilikiokota huko barabarani kwa madereva wa Kenya, na niliuliza maswali mengi hadi dereva mmoja alinishusha njiani ili apumzike.

Vita vilipoisha na wanajeshi wa serikali iliyoanguka walipokimbia, nilikuwa Jinja bila kazi. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa kwa mbao. Barabara kuu ilikuwa na mashimo ya kila namna: ya mvua, ya risasi, na yale mapana yaliyochimbwa na magari ya minyororo. Watu walikuwa wanarudi mmoja mmoja, wanafungua mlango kidogo, wanachungulia, wanafunga tena.

Hapo ndipo nilipomkuta Afande Opio. Alikuwa Mteso, askari wa magereza aliyestaafu, na miaka mingi alikuwa amesimamia wafungwa wakitengeneza barabara. Alipoacha kazi alikuwa na ujuzi huo tu, pamoja na sauti ya kuamsha gereza zima. Alikusanya vijana sita, akapata mapipa ya lami yaliyoachwa nyuma ya karakana fulani, akaanza kuzunguka kwa wenye maduka.

Siku yangu ya kwanza alinichukua kwa sababu nilijua Kiswahili. Tulifika kwenye duka moja la vitambaa. Afande akagonga mlango kwa ngumi, akanguruma, "Fungua!"

Kitasa kikazunguka polepole, na mwenye duka akatoka mikono ikiwa juu. Nyuma yake mke wake naye mikono juu, na nyuma ya mke, bibi kizee mkono mmoja juu, wa pili umeshika fimbo.

"Afande, hapa hapana kitu," alisema yule bwana. "Redio walichukua wale wa kwanza. Baiskeli walichukua wale wa pili."

Afande akamtazama, akatutazama sisi, akajitazama na koti lake la kaki. "Shusha mikono, bwana. Sisi watu ya lami. Hii shimo mbele ya mlango yako, tunataka kuziba."

"Shimo?"

"Shimo. Mteja nakuja, naanguka, naenda kwa jirani."

Bibi kizee ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka hadi akakalishwa kwenye kiti. Tokea siku hiyo kazi ya kugonga milango ikawa yangu, na Afande akawa anasimama mbali, ng'ambo ya barabara, akijifanya mpita njia. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na kilikuwa kimetisha watu miaka mingi. Sisi tulikitumia kuuliza kama wangependa kibaraza kisafi, na ilichukua muda watu waamini kwamba swali letu lilikuwa hilo tu.

Vifaa vyetu ninyi wa leo mngevicheka. Lami tuliiyeyusha katika pipa lililokatwa nusu, juu ya moto wa kuni. Kokoto tulizichanganya kwa beleshi juu ya bati. Rola yetu ilikuwa pipa lililojazwa zege, lenye bomba la chuma katikati, likivutwa na watu wanne, na kwenye mteremko likiwavuta watu wanne. Tulikuwa na fagio mbili, na Afande alizithamini kuliko rola. "Vumbi ni adui," alisema. "Lami haishiki vumbi. Wewe nafagia mpaka unaona aibu kukanyaga."

Alinifundisha kukata shimo kabla ya kuliziba: kingo zisimame wima, pembe nne, hadi ufike udongo mgumu, maana kiraka kilichomwagwa juu ya shimo la duara lenye kingo zilizolala hung'oka kama kigaga. Alinifundisha kumwaga maji na kuyatazama. Maji yakituama, kazi bado. Zaidi ya yote alinifundisha kugonga ardhi kwa mtaimbo na kusikiliza. Ardhi nzuri hujibu kwa sauti fupi, kavu. Ardhi mbaya husema "bu", kama mtu aliyeshiba anayepigwa tumboni.

Mimi niliuliza kila kitu. Kwa nini lami hulainika mchana? Nani aliigundua? Mbona mchwa hawaili? Afande alijibu maswali mawili kwa siku, la tatu akanielekeza kwenye rola.

"Wewe iko na mdomo mingi," aliniambia. "Lakini endelea. Ile siku utanyamaza, nitaogopa."

Nilidhani ni mzaha wake wa kawaida.

Mji ulipoanza kupumua, niliona jambo ambalo ningependa mlishike. Katika safu ile ile ya maduka, yale yaliyotengeneza mbele yake yalipata watu kwanza. Si kwamba bidhaa zao zilikuwa nzuri zaidi. Chumvi na sabuni zilikuwa zile zile. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu kichwani hachagui duka, anachagua mahali pa kuweka mguu. Nilisimama siku nzima mbele ya dimbwi moja nikiangalia watu. Walilizunguka, na kwa kulizunguka wakajikuta kwenye mlango wa jirani, na wakiwa hapo wakanunua. Mwenye dimbwi alikuwa ndani akilaumu vita.

Basi, mwaka wa tatu, Afande aliniita. Kulikuwa na kazi Mbale, kule kwenye maghala ya Industrial, eneo la viwanda, na goti lake lilikuwa limevimba. "Wewe utakuwa foreman," alisema. Akanipa watu wanne wa kuwasimamia, mapipa matatu ya lami, na mtaimbo wake.

Nilikwenda Mbale kifua mbele. Tulipanga chumba mtaa wa Nkoma, na kila asubuhi nilipanda boda boda ya baiskeli kwenda kazini, jambo ambalo wenzangu, waliotembea kwa miguu, walilizungumzia sana.

Mwenye ghala alikuwa Hajji Zubairi, Mgisu Mwislamu, mfupi, mwenye sauti ya taratibu. Wakati wa vita alikuwa amekimbilia Bungoma, Kenya, na familia yake. Aliporudi alikuta ghala limesimama, mashine ya kukoboa kahawa imesimama, lakini uwanja wa mbele ulikuwa matope matupu. Malori hayakuweza kuingia. Yaliegeshwa nje ya geti, na wapagazi walibeba magunia mabegani umbali wote ule, wakiteleza. Gunia likilowa, mnunuzi alilikataa. Wenye mali wakaanza kupeleka mizigo kwingine.

Alinipa chai ya tangawizi, akanieleza bila kuzunguka. "Jumamosi ya wiki ijayo anakuja bwana mmoja kutoka Kampala. Shirika lao linatafuta ghala la kuweka mahindi ya kugawia watu wa kaskazini. Wameshaona ghala Tororo. Akilipenda hili langu, nimepona. Asipolipenda, nafunga, bwana. Sina njia nyingine. Na hawa unaowaona, wapagazi na hawa mama wanaochambua kahawa, wote wanaenda nyumbani."

"Hajji, usihofu," nilisema. Foreman gani angesema vingine?

Hapa ndipo pa kosa langu. Niliuliza mambo mengi siku zile. Nilimwuliza Hajji habari za Maka. Niliwauliza wachambuzi wanajuaje punje mbovu kwa kuigusa tu. Lakini kuhusu ule uwanja sikumuuliza mtu neno. Nilikuwa nimejiambia kwamba mfanyakazi huuliza na foreman hujua. Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Matope yalikuwa yamekauka, na juu kulikuwa na tabaka la marram, ule udongo mwekundu wa changarawe, limeshindiliwa vizuri. Nikagonga kwa mtaimbo. Pembeni ardhi ilijibu vizuri. Katikati ikasema "bu".

Nikagonga tena, taratibu zaidi, kana kwamba nikiwa na adabu itabadilisha jibu.

Kiongozi wa wachambuzi alikuwa mama mmoja aliyeitwa Nambozo, mwembamba, mwenye macho yasiyokosa kitu. Aliacha ungo wake akaja.

"Foreman, hapo katikati msiweke kitu kabla hamjachimba."

"Mama, hii kazi ya mafundi," nilisema, mbele ya watu wangu wanne.

Alinitazama kidogo. "Haya, fundi," alisema, akarudi kwenye kahawa yake.

Tukafagia, tukapaka, tukamwaga, tukavuta rola. Jumanne jioni uwanja ulikuwa mweusi na laini, na Hajji aliuzunguka mara tatu bila kuukanyaga, kama mtu anayezunguka mkeka mpya. Jumatano asubuhi nikasema tuingize lori lenye mzigo, watu waone.

Waliona. Lori lilipita getini vizuri, likafika katikati, kisha gurudumu la nyuma likazama polepole, bila kelele, kama kidole kwenye posho, ugali wa moto. Lami ikapasuka ikainuka pembeni. Kutoka chini ikatoka harufu ya kitu kilichooza siku nyingi.

Dereva akazima injini.

"Fundi," Nambozo aliita kutoka barazani, "lori limekaa. Tuliletee na chai?"

Wachambuzi walicheka hadi nyungo zikaanguka. Mimi nilikwenda pale barazani, nikakaa chini kwenye sakafu, nikauliza swali nililopaswa kuliuliza siku ya kwanza.

"Mama, kuna nini chini?"

"Maganda ya kahawa," alisema. Akanieleza. Wakati wa vita, askari waliweka kambi hapo uwanjani, na magari yao yakachimba mashimo ya kuingia mtu hadi kifuani. Walipoondoka, hakukuwa na lori la kuleta marram wala mafuta ya lori. Kitu pekee kilichokuwepo kwa wingi ni maganda, mlima mzima nyuma ya mashine. Basi yeye na wenzake na wapagazi wakayajaza mashimo kwa maganda, wakayafunika na marram kidogo waliyoikokota kwa mikokoteni. "Tulitaka mkokoteni upite, tule siku ile. Nani alijua utakuja na lori? Na Hajji alikuwa Bungoma. Hajui."

Nilirudi kwa watu wangu. Mmoja wao, Wafula, fundi mzuri kuliko mimi kwa mikono, alinivuta kando.

"Foreman, sikiza. Yule bwana ya Kampala nakuja na lori?"

"Anakuja na gari dogo."

"Gari dogo haizami. Tunaweka bati mbili hapa, tunamwaga lami juu, tunapiga rola. Jumamosi naona uwanja mzuri, naweka sahihi, kwisha. Sisi tuko Jinja."

Sitawadanganya: nililifikiria. Nililifikiria kwa muda wa kutosha hadi nikajua bati gani tungetumia. Nambozo alikuwa amesogea, kama kawaida yake.

"Na Jumatatu?" aliuliza. "Lori la kwanza la mahindi likikaa, Hajji atawaambia nini wale watu? Na sisi tutaambiwa nini?"

Nikaenda kwa Hajji na kumwambia yote: maganda, mtaimbo ulivyoniambia, mama alivyoniambia, na mimi nilivyojiambia. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilisikia, Hajji. Sikutaka kujua."

Aliweka kikombe chini. "Siku tatu," alisema. "Ijumaa toa saa ya sala. Inawezekana?"

"Nikipata mikono."

Alisimama, akatoka barazani, akakunja kanzu yake hadi magotini, akaifunga kiunoni. Sijawahi kuona tangazo la kazi lililoeleweka haraka namna ile. Wapagazi walichukua majembe. Wachambuzi walichukua makarai. Tulilivuta lori nje kwa kamba, tukachimba katikati ya uwanja ule Jumatano yote iliyobaki, na yale maganda yalikuwa yamegeuka udongo mweusi, mwororo, wenye minyoo minene. Nambozo aliuchukua mkononi, akaunusa, akawaita wenzake. Jioni ile udongo wote ulikuwa umeondoka kwa vikapu kwenda kwenye migomba yao. Ni uchafu pekee nilioona ukigombaniwa katika kazi yangu yote.

Alhamisi tulijaza mawe. Yale makubwa chini, madogo juu, kisha marram, kila tabaka likimwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya lingine. Wapagazi waliimba, na wimbo ulikuwa unanihusu, sitauandika hapa. Tulichimba pia mtaro kando ya ukuta, na uwanja tukaulaza kidogo kuelekea huko. Ijumaa, baada ya sala, ilipofika zamu ya lami, hatukuwa nayo. Mapipa matatu yote yalikuwa yamekwenda kwenye kazi yangu ya kwanza, ile ya kiburi.

Ilinibidi niokoe nilichoharibu. Tuliokota vipande vyote vya lami iliyopasuka, tukaviponda, tukaviweka juu ya bati na moto chini, tukaongeza mafuta machafu kidogo ya injini. Lami ya zamani haifi, nendeni mkajaribu. Ukiipasha vizuri inarudi kazini. Tulimaliza Jumamosi saa nne asubuhi. Nikaomba lori lile lile, na mzigo ule ule. Liliingia hadi mlangoni. Likasimama. Tukangoja. Hajji alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza.

"Halijakaa," alisema Nambozo.

Saa saba mawingu yalishuka kutoka mlima Wanale, mvua ya kwanza ya msimu ikamwagika kama vile ilikuwa imeajiriwa na wenye ghala la Tororo. Ilipokatika, maji yalikuwa yote mtaroni. Ndipo gari dogo likaingia, akashuka bwana mrefu mwenye viatu vilivyong'aa na daftari. Alitembea kutoka gari hadi mlango akitazama juu. Alitazama paa, akahesabu madirisha, akauliza habari za panya. Akatembea hadi getini, akarudi, akazunguka, akiandika huku anatembea. Sisi tulijipanga ukutani, mikono ina malengelenge, tukimfuata kwa macho. Hakutazama chini hata mara moja.

Mwisho alifunga daftari. "Sawa, Hajji. Ghala zuri. Malori yataanza Jumatatu."

Hajji alishukuru Mungu kwa sauti. Lakini hakuweza kujizuia. "Na uwanja, bwana? Uwanja umeuonaje?"

Yule bwana aligeuka, akatafuta kwa macho. "Uwanja gani?"

Wafula alikaa chini. Mimi nilisikia kicheko kinapanda, nikaenda nyuma ya ghala kucheka huko, na nilipofika nikamkuta Nambozo ametangulia, ameegemea ukuta, machozi yanamtoka.

"Hakutuona!" alisema. "Wallahi, fundi, hata hakutuona!"

Vijana, mtakapotengeneza uwanja wa mtu, msingoje kusifiwa. Mtu anayetazama chini ni yule anayeogopa kuanguka. Mnunuzi anapotembea akitazama paa, akitazama bidhaa, akimtazama mwenye mali usoni na kufanya naye biashara, hapo ninyi mmefanya kazi yenu. Wenye majengo hawalijui hili hadi uwanja uharibike, kwa hiyo ni juu yenu kuwaambia mapema, kuziba ufa ungali wa kuingia ukucha.

Jumatatu nilikuwa nimefunga mzigo. Nilikuwa nimesikia kuna kazi ya daraja huko Lira, nami daraja sikuwa nimejenga bado. Malori yalikuwa yanaingia, moja nyuma ya jingine, yakirudi kinyumenyume hadi mlangoni, na wapagazi walishusha mahindi bila kukanyaga matope. Hajji alinisindikiza hadi getini.

"Mafundi wote wakimaliza wanasema uwanja utadumu," alisema. "Wewe hujasema."

"Hautadumu, Hajji. Sio wenyewe. Lazima mtu autazame kila mwaka kabla ya mvua, azibe nyufa, asafishe mtaro."

"Nani?"

Sikuwahi kukaa na kazi moja hadi mvua ya pili. Nilitazama barabara ya Lira, kisha nikatazama lori lililokuwa linapita pale katikati, zito, taratibu, na masikio yangu yakangoja ile "bu". Hakukuwa na sauti yoyote.

"Mimi," nilisema. Nikamkabidhi Nambozo, aliyekwisha sogea getini, ufagio wa kutumia hadi nirudi.